Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya dawa: tuliodhurika na dawa ya chunusi twende mlango upi?

Kwenu waheshimiwa mliopewa dhamana ya dawa, famasi, madaktari na haki za wagonjwa Tanzania, kuanzia wizarani mpaka kwenye mamlaka na mabaraza yenu,

Shikamooni.

YAH: DAWA YA CHUNUSI ILIYONIPUNGUZIA MACHO, NA MIEZI NILIYOZUNGUSHWA NIKITAFUTA HAKI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi cherehani, naishi Mwanza, nina miaka 26. Nimeandika barua za kawaida mara nne, nimepiga simu, nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka walinzi wakanijua jina, na sijapata hata karatasi moja ya majibu. Ndo maana leo naandika hadharani. Majina ya kliniki, ya dokta na ya ofisi nilizoenda siyaweki hapa, wahusika wanajijua na mafaili yapo kwao.

Kisa chenyewe. Chunusi zimenisumbua tangu niko form two, zile kubwa za mashavuni zenye usaha ndani zinazoacha mashimo. Aprili 2024 nikajikusanya nikaenda kliniki moja ya binafsi, dokta akaniangalia kama dakika tano hivi, akaandika kwenye kompyuta, nikaambiwa nipite dirisha la dawa. Pale dirishani nikapewa bahasha mbili za kaki zile ndogo. Moja imeandikwa kwa peni 1x1, nyingine 1x2 baada ya kula. Basi. Hamna jina la dawa, hamna boksi, hamna ile karatasi ya maelezo inayokunjwa ndani ya boksi. Nikauliza hizi ni za nini, dada wa dirishani akanijibu "za chunusi", nikalipa nikaondoka.

Wiki ya tatu kichwa kikaanza. Sio kichwa cha uchovu, kilikua kinanipasua asubuhi nikiwa bado nimelala na nikikaa kinapungua kidogo. Masikioni nasikia mvumo unaenda na mapigo ya moyo. Nikiinama kuokota mkasi chini macho yanazima kama umeme umekatika halafu yanarudi. Nikapimwa malaria, hamna. Nikaambiwa ni presha, hamna. Nikauziwa miwani. Siku moja nakata kitambaa cha sare za shule nikaona mistari ya chaki iko miwili, na mimi nimechora mmoja, nikakata wa uongo. Hapo nikaenda hospitali kubwa kwenye kitengo cha macho, daktari akamulika nyuma ya jicho akasema mshipa wa fahamu wa jicho umevimba pande zote mbili. Nikachomwa sindano ya mgongo, maji yakatoka na presha ya juu sana. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: unatumia dawa gani?

Nikamtolea bahasha. Akazigeuza mbele nyuma, akamimina vidonge mkononi. Ile ya 1x2 akaijua kwa kuiangalia, doksi, hii doxycycline ya kawaida kabisa. Ile nyingine ilikua bado kwenye karatasi yake ya kubonyeza ila imekatwa kwa mkasi, na mkasi mimi naujua, aliyekata alikata katikati ya maandishi. Yamebaki herufi saba tu, OTRETIN. Tarehe ya kuisha muda imekatwa, namba ya toleo imekatwa. Daktari akasema hii ni isotretinoini, na hizi mbili hazimezwi pamoja, zikikutana zinaweza kupandisha presha ya maji ya kichwani na hiyo ndo inakandamiza mishipa ya macho. Akasema hili limeandikwa kwenye karatasi ya dawa. Karatasi ambayo mimi sijapewa.

Nimeacha zote, nimepewa dawa ya kupunguza hayo maji ambayo ilikua inanichoma vidoleni kama sindano sindano miezi minne mizima, kichwa kimepona. Jicho la kushoto halijarudi lote. Pembeni upande wa kushoto ni giza, bodaboda akija upande ule namsikia kabla sijamuona. Kazi za shanga na za kudarizi nimeacha, wateja wa harusi wamehama, nashona sare na mapazia.

Sitaki mtu aseme nimekuja kuipiga vita dawa. Isotretinoini inatokana na jamii ya vitamini A, Marekani iliruhusiwa mwaka 1982 ikiuzwa na Roche kwa jina la Accutane, na chunusi sugu inazitibu kweli kuliko kitu chochote. Dunia nzima inajulikana ni dawa nzuri na ni dawa kali, inatolewa kwa masharti. Mimi masharti sikuyaona. Haya sasa malalamiko yangu, naomba msome moja moja.

1. Dawa kali inatolewa kwenye bahasha isiyo na jina

Hili ndo mzizi. Mgonjwa asiyejua jina la dawa hawezi kusoma madhara yake, hawezi kumwambia daktari mwingine, na akidhurika hawezi kushtaki maana hana cha kuonesha. Mahakama itataka kujua ni dawa gani, ya kiwanda gani, toleo namba ngapi, nani kakupa na siku gani. Vyote hivyo viliandikwa kwenye boksi lililobaki dirishani na likatupwa. Anayekata pakiti ile kwa mkasi anakata na ushahidi, hata kama hajakusudia, yeye anagawa tu vidonge vienee.

2. Hakuna aliyeniuliza kama nina mimba

Mimi ni mwanamke wa umri wa kuzaa na hili swali halikuulizwa, sikupimwa mkojo, sikuambiwa nijikinge. Dawa hii ikikuta mimba inaharibu mtoto, uso, masikio, moyo, ubongo, na hata ukimaliza dozi unatakiwa usubiri mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Marekani tangu 2006 wana mfumo unaoitwa iPLEDGE, mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi dawa bila kipimo cha mimba na kila mwezi anarudia. Uingereza mwaka 2023 waliongeza masharti, aliye chini ya miaka 18 asianzishiwe mpaka wataalamu wawili wakubaliane, na mgonjwa aelezwe kuhusu msongo wa mawazo na mambo ya tendo la ndoa kabla hajameza. Sasa niwaambie jambo linaloniumiza mpaka leo: mdogo wangu ana chunusi kama zangu na wakati ule alikua ameolewa miezi sita tu, akaniomba nimgawie, nikampa vidonge vinne. Ningejua ningemnyima hata kwa kugombana. Mungu akasaidia mimba haikuwepo. Bahasha isiyo na maneno inazunguka nyumba nzima.

3. Kila mlango unanielekeza mlango mwingine

Hapa naomba niseme taratibu maana na wenzangu wengi hawajui, na mimi nimejifunza kwa nauli. Ukidhurika na dawa Tanzania kuna njia kadhaa na kila moja ina kazi yake. TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wanaangalia dawa yenyewe, wanapokea taarifa ya madhara hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, ila taarifa ile ni ya kulinda wengine, hailipi mtu. Baraza la Madaktari Tanganyika linaangalia mwenendo wa daktari, linaweza kumpa onyo, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari. Baraza la Famasi ni hivohivo kwa mfamasia na kwa duka la dawa. Tume ya Ushindani inahusika na mlaji aliyedanganywa au kuuziwa bidhaa isiyo salama. Fidia, yaani hela ya macho yangu na kazi yangu iliyopotea, wanaojua sheria waliniambia hiyo ni mahakama.

Sawa, nimeelewa. Ila kwanini ilinichukua miezi tisa kuelewa? Ofisi ya kwanza waliniambia sio wao, ya pili wakasema lete cheti cha dawa, kliniki wakasema cheti kimebaki kwenye mfumo, ya tatu wakaniuliza mbona umechelewa. Hakuna hata mmoja aliyeniandikia namba ya lalamiko. Ukiwa huna namba wewe hukwenda, ndo walivyoniambia siku niliyorudi.

4. Saa ya sheria inakimbia na faili langu wamelikalia

Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya uzembe kama haya, na miaka 6 kama unadai kwa kuvunjwa mkataba. Ukidai serikali au hospitali yake lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 ndo ushtaki. Mimi niligundulika Mei 2024, kwaiyo hata nikihesabu kuanzia siku hiyo Mei 2027 mlango unafungwa, na wakili makini atakwambia hesabu kuanzia siku uliyopewa dawa ili usije ukabishaniwa. Kipo kifungu cha 44 kinachompa waziri wa sheria uwezo wa kuongeza muda, akishauriana na Mwanasheria Mkuu, usiozidi nusu ya ule wa mwanzo, kwangu ingekua mwaka mmoja na nusu. Niambieni, fundi cherehani wa Mwanza atakijulia wapi hicho kifungu? Mimi nilikisikia kwa wakili ambaye nilimshonea suti akakubali tukae nusu saa.

Na wakati saa inakimbia, faili langu la matibabu kliniki hawanipi. Nimeomba nakala mara tatu. Mara mtu wa mfumo hayupo, mara faili ni mali ya kliniki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023 na inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake. Karatasi inaweza kuwa yao, maneno yaliyoandikwa ndani yake ni mwili wangu.

5. Nani atakayesema mbele ya hakimu kwamba dokta alikosea

Kesi ya dawa haishindwi kwa machozi, inataka mtaalamu asimame aseme hili lilisababisha lile. Angalieni Marekani walikopita. Kulikua na Andrew McCarrell wa Alabama, alimeza Accutane, akaugua utumbo mpaka utumbo mpana ukatolewa, akawashtaki Roche kule New Jersey kwamba onyo lao halikutosha. Alishinda 2007, kesi ikarudiwa, 2010 akashinda tena zaidi ya dola milioni 25, na mpaka 2017 mahakama ya juu ya jimbo bado ilikua inabishania ukomo wa muda kabla ya kumrudishia ushindi wake. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo ikakataa ushahidi wa wataalamu wa wagonjwa wengine, ikaona sayansi yao kwamba dawa inaleta ugonjwa wa utumbo haijasimama, kesi 2,076 zikaondoka kwa mpigo. Kampuni yenyewe ilishaacha kuuza Accutane kule tangu 2009.

Nimelieleza hilo ili muone kitu kimoja. Wale walikua wanabishania jambo ambalo wataalamu hawajakubaliana. Langu halina ubishi huo, doksi na isotretinoini kutochanganywa limeandikwa na watengenezaji wenyewe, mtu wa famasi analifundishwa chuoni. Na bado sipati daktari wa kunitolea ushahidi. Niliowafata wawili wameniambia kwa upole kabisa, "dada yangu nakuelewa ila yule nimesoma naye". Wasaidizi wa kisheria wa mtaani nao ni watu wazuri, walinipokea vizuri bila hela, ila wamezoea mirathi, ardhi na ndoa, kesi ya dawa waliniambia wazi hawajawahi kuishika.

Sasa najua mtajibu nini maana nimeshajibiwa mdomoni.

Mtasema kila dawa ina madhara. Ndio, na ndo maana kuna karatasi ndani ya boksi. Midomo kukauka mpaka kupasuka niliipata na silalamiki, hayo ndo madhara ya dawa. Kupewa dawa mbili zisizokaa pamoja ni kosa la mtu.

Mtasema wagonjwa hawasomi. Mimi nasoma vipimo vya nguo vya watu arobaini kwa wiki na sikosei kiuno cha mtu, niandikieni kwa Kiswahili muone kama sitasoma. Hizo karatasi nyingi zikibahatika kukufikia ni Kiingereza cha herufi ndogo kama mchanga, hata mwenye macho mawili mazima anakodoa.

Mtasema watumishi ni wachache. Najua, hospitali iliyoniokoa ilikua na foleni mpaka nje na daktari yule alisimama tangu asubuhi. Ila kumpa mtu boksi lake zima hakuhitaji mtumishi wa ziada, kunahitaji kutokulikata.

Na mtasema nenda mahakamani. Nitaenda. Ila kunituma mahakamani mkononi sina faili, sina boksi, sina mtaalamu, ni kunituma sokoni bila kikapu wala hela.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza mtoe agizo la maandishi kwamba isotretinoini isitolewe kabisa bila cheti cha daktari, na ikitolewa itoke kwenye boksi lake zima, na karatasi ya Kiswahili ndani, na jina la dawa na namba ya toleo viandikwe kwenye risiti. Mwanamke apimwe mimba na asaini kwamba ameelezwa, kwa lugha anayoielewa, na dokta naye asaini kwamba ameuliza dawa nyingine anazotumia. Pili, kila kituo kilazimishwe kumpa mgonjwa nakala ya faili lake ndani ya siku 7 akiomba, atakayegoma awe na adhabu inayojulikana. Tatu, muwe na dirisha moja la kupokea malalamiko ya madhara ya dawa, mgonjwa akifika mara moja tu apewe namba, nyie wenyewe ndo mpelekeane huko ndani kati ya mamlaka na mabaraza, na ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30 hata kama jibu ni hapana. Nne, mabaraza yawe na orodha ya wataalamu wanaoweza kuitwa kutoa maoni bila kuogopa waliosoma nao, hata akitoka mkoa mwingine. Tano, ile ya muda wa kushtaki na kifungu cha 44 iandikwe na ibandikwe pale kwenye ubao wa hospitali, pembeni ya tangazo la kunawa mikono, mtu ajue tangu siku ya kwanza kwamba saa imeanza.

Kwangu mimi binafsi naomba mambo mawili: nakala ya faili langu, na jibu kwa zile barua nne.

Kwa wenzangu mnaosoma hii na mnameza dawa ya chunusi sasa hivi, ulizeni jina lake leo, piga picha pakiti pande zote mbili kabla haijaisha, tunza risiti, na kichwa kikianza pamoja na macho kuzima usisubiri miwani, wahi hospitali ya macho na hizo dawa mkononi. Ukishadhurika andika tarehe zote kwenye daftari, toa taarifa TMDA, omba faili kwa barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, mtafute wakili mapema hata kwa ushauri tu. Mimi muhuri sikuugongesha mara mbili za mwanzo, barua zile leo zinasemekana hazikufika.

Waheshimiwa, nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 30 tangu leo. Notisi ya madai ya kliniki ile iko kwa wakili inaandaliwa na haitawasubiri nyie. Bahasha zangu mbili bado ninazo, nimezifunga kwenye nailoni ndani ya droo ya cherehani pamoja na kile kipande chenye herufi saba, atakayetaka kuziona aje nitampa azishike, ila haondoki nazo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani, Mwanza